Suti Nyuma ya Pazia

Fundi cherehani hakosi ujanja, na huyu wetu ujanja wake ulikuwa kiunoni. Daktari alimwambia moyo wake unafanya kazi ya punda: apunguze chumvi na mafuta, aache sigara, atembee nusu saa kila siku. Mkewe akazishika amri hizo kama askari. Nyumbani ikawa maharage ya kuchemsha na mboga za majani. Bwana mkubwa anakula, anashukuru, halafu akifika dukani kwake anaagiza nyama ya kukaanga na kuvuta sigara mbili za kuisindikiza.

"Suruali zinakukaa vilevile, baba watoto!" mkewe alikuwa akifurahi. "Hujaongezeka hata kidogo. Tumeshinda!"

Tumeshinda! Masikini mama wa watu. Hakujua kwamba kila baada ya miezi michache mumewe hufumua mshono wa nyuma, akaachia kitambaa kidogo, akashona tena na kupiga pasi.

Asubuhi moja, dukani, alifumua, akakuta hakuna tena cha kuachia. Akajipima. Inchi arobaini na tatu. Mbona namba hiyo anaijua? Alifungua daftari la vipimo, akaikuta kwa mwandiko wake mwenyewe, kwenye ukurasa wa kaka yake.

Kaka alianguka kwenye ngazi za ofisini, moyo ukasimama, siku mbili kabla ya kuja kuchukua suti yake. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Suti ilibaki imetundikwa nyuma ya pazia, miaka sita sasa. Na fundi mwenyewe alitimiza arobaini na tisa mwezi uliopita.

Sikio la kufa halisikii dawa, jamani. Akaishusha. Aliomba Mungu impwaye. Suruali ikapanda bila taabu, koti likakaa mabegani, vifungo vikafungika vyote. Alisimama mbele ya kioo akaogopa, tena akaogopa sana. Jasho lilimtoka, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi.

"Leo mke wangu akileta chakula cha mchana namwambia yote," alijisemea. "Potelea mbali, anitukane."

Mkewe aliingia, akaona mgongo ule na koti lile. Kikapu kikamponyoka.

"Shemeji?"

Fundi aligeuka polepole, uso umempauka.

"Ni mimi, mama watoto. Njoo univue hili koti," alisema. "Mkono wa kushoto haunyanyuki."