Mama wa Redioni

Aliyeanza kumwita Pindo ni mlinzi wa kituo cha redio, kwa sababu dada yule akikutana nawe hakuangalii usoni. Macho yake huanzia chini, kwenye pindo la gauni, yanapanda taratibu, na yakifika kichwani wewe umeshahukumiwa zamani. Jina likamganda. Kila Jumamosi asubuhi aliketi mbele ya kipaza sauti akazungumzia mavazi ya wanawake: nini kimerudi, nini kimepitwa na wakati, nani kapendeza na nani angebaki tu nyumbani. Na alisikilizwa, msifanye mchezo. Akisema mikono ya puto imerudi, wiki hiyo mafundi cherehani hawapati usingizi.

Lakini kilichompandisha chati si mikono ya puto. Ni mama.

Siku yake ya kwanza hewani, mtangazaji alimuuliza ghafla jicho hilo la mavazi kalipata wapi. Pindo akababaika, akajibu kwamba kalirithi kwa mama yake. Angeishia hapo, jamani, si tungekuwa na amani? Ulimi ukaendelea wenyewe: kofia nyeupe yenye wavu mbele, glavu za lesi, viatu na mkoba rangi moja, marashi ya waridi, mama ambaye hata akienda kununua chumvi watu humpisha njia. Simu za wasikilizaji zikamiminika. Wiki iliyofuata wakamtaka tena mama. Basi ikawa kila Jumamosi lazima mama awe na la kusema: mama hataki rangi nne katika vazi moja, mama hanunui kiatu kwa kuwa tu jirani kakinunua, mama anaona suruali pana zinampa mwanamke heshima kuliko sketi ya kubana. Maoni yote yalikuwa ya Pindo mwenyewe, ila yakipitia kwa mama yalipata uzito.

Mama wa kweli alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Alivaa sweta la marehemu mumewe, sketi ya maua na raba za kazini, wiki nzima, kiangazi na masika. Sabuni kali ilikuwa imemla vidole. Pindo alimpenda, tusimsingizie. Alimtembelea, akamwendea sokoni, akamkanda miguu. Ila kazini kwake hakuwahi kumkaribisha, na hakuwahi kumuuliza kama husikiliza redio. Alijituliza kwamba Jumamosi mama yuko zamu, na mashine za kufulia zina kelele.

Mkurugenzi wa kituo, mwanamke wa sauti nene na kicheko cha karibu, akaja na wazo. Kituo kikodi ukumbi, wasikilizaji wa kike waje wamevaa wanavyojua, Pindo awe jukwaani, na mama yake akae kiti cha mbele, watu wamwone kwa macho yao. Mambo yakienda vizuri, Pindo na mama yake wangepewa kipindi cha televisheni. Pindo akasema mama kasafiri. Mkurugenzi akajibu kwamba kiti kitawekwa hivyo hivyo, kifungwe utepe, huenda bibie akawahi kurudi. Wiki nzima redio ikatangaza kile kiti mpaka kikawa maarufu kuliko watu.

Siku ikafika, ukumbi ukafurika. Utaratibu ulikuwa kwamba kila anayeingia apite juu ya zulia, asimame mbele ya kioo kirefu, na Pindo aseme neno moja kuhusu alivyovaa kabla hajaelekezwa pa kukaa. Neno tamu au lenye pilipili, ndiyo raha yenyewe. Mwalimu mmoja wa chekechea aliambiwa mkanda wake unatosha kufunga mizigo, akacheka kuliko wote. Pindo alikuwa moto siku hiyo. Mkurugenzi, safu ya kwanza, alikuwa anajipangusa machozi ya kicheko.

Ndipo mlangoni likaingia gauni jeupe.

Pindo, kama kawaida yake, alianzia chini. Gauni lilikuwa refu, linaburuta, na viatu vilikuwa vidogo kwa aliyevivaa, kisigino kimoja kinaning'inia nje. Mwendo ulilalia kushoto, mwendo wa mtu aliyebeba ndoo miaka mingi kwa mkono mmoja. Kabla macho hayajafika kwenye glavu za lesi, na kwenye kofia nyeupe yenye wavu iliyokaa upande, alikuwa ameshamjua.

Watu nao walikuwa wameanza kunong'ona kwamba huyu bibi harusi amepotea njia. Mama akatembea juu ya zulia polepole, amejinyoosha, akafika kwenye kioo, akasimama. Akainua uso kumtazama mwanawe, akatabasamu, akangoja neno lake kama wenzake.

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, mama, na Pindo alilijua. Akamtazama Mkurugenzi, akautazama ukumbi uliokaa mkao wa kucheka, akaona kipindi, jina, kila kitu kinateleza. Akakileta kipaza sauti mdomoni.

"Bibi, harusi ni ukumbi wa pili," akasema.

Watu walivunjika mbavu. Mama naye akacheka kidogo, akidhani ndivyo mchezo unavyokwenda, kisha akaelekea kwenye kile kiti chenye utepe. Msichana wa kupokea wageni akamzuia kwa adabu, akageuka jukwaani kuuliza kama huyu ni mgeni wake. Ukumbi ukatega masikio. Mama naye akamtazama.

"Hapana," Pindo akasema. "Mtafutieni nafasi kule nyuma."

Mama akaenda nyuma. Pindo akaendelea na kazi, akasifia, akatania, hata hakusikia anachosema. Aibu ilimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani kujivua ngozi. Alipoona kofia nyeupe inatoka kwa mlango wa pembeni, aliomba mapumziko, akashuka jukwaani karibu aanguke.

Alimkuta nyuma ya ukumbi, karibu na bomba la maji, amekaa kwenye ngazi, viatu kavivua. Glavu alikuwa amezikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama anavyokunja mashuka ya wagonjwa. Pindo akapiga magoti, akasema shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akamwuliza kwa nini ameacha watu wake.

"Mama, umesikia wapi habari za leo?"

"Si ni huko huko redioni. Jumamosi wenzangu wote huzima mashine wanisikilize nikisemwa." Akacheka. "Wananitania sana kwa hiyo kofia. Mimi nawaambia mtoto ana sababu zake, mwacheni. Sasa wiki hii nasikia kiti, kiti, nikaona wakikikuta kitupu watakuumbua. Nikaenda kwa yule anayekodisha nguo za maharusi. Nikachukua kila ulichosema. Marashi ya waridi tu ndiyo sikupata."

Mama wa watu hakuja kumfichua. Alikuja kumsitiri.

"Hebu niambie ukweli, wewe ndiye unayejua," mama akasema, akijiangalia lile gauni. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote, mama."

"Nimekosea. Watu wamecheka na wewe umeshindwa kunitaja. Niambie, siku nyingine nisikuaibishe."

Pindo akalia, kilio kibaya kisicho na mpangilio, kichwa mapajani kwa mama, wanja unamwagika kwenye gauni la kukodi. Hapo hapo mlango ukafunguka. Mkurugenzi alikuwa anamtafuta, akastaajabu kumwona chini. Pindo akajikaza, akasimama, akaushika mkono wa mama ule uliochubuka.

"Mkurugenzi, huyu ni mama yangu mzazi. Hajasafiri popote. Anafua mashuka hospitalini. Yule wa redioni nilimtunga."

Mkurugenzi akamtazama huyu, akamtazama yule. Kabla hajasema kitu, mama akautoa mkono wake polepole, akatabasamu kama mgeni.

"Ana huruma sana binti huyu," akasema. "Kaona wamenicheka, anataka kunifuta machozi. Mimi nimekuja kumwona tu, kama wengine. Mama yake mtamwona akirudi safari."

Uso wa Mkurugenzi ukalainika, akapumua. Akasema ndiyo maana wanampenda dada huyu, ana moyo. Akampa mama pole, akamshika Pindo mkono, akamvuta kuelekea ndani, kwamba watu wanangoja. Pindo angeweza kusema tena. Angeweza kukataa kwenda, akang'ang'ania pale pale kwenye bomba mpaka aaminiwe. Akageuka mara moja, mama akampungia mkono aende, na miguu ikamfuata Mkurugenzi.

Jukwaani, Mkurugenzi alichukua kipaza sauti mwenyewe. Akawasimulia watu jinsi alivyomkuta Pindo huko nje amempigia magoti yule bibi waliyemcheka, akimwita mama yake mzazi ili kumwondolea aibu. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, wengine wakilia, na Pindo akainamisha kichwa akawashukuru.