Shangazi Hulda na Risasi Isiyo na Jina

Kila Jumamosi asubuhi mama huoka keki ndogo. Huzioka akiwa bado na gauni la kulalia, redio ikisoma bei za ng'ombe, na mkono wake hufungua kabati la chini bila kusaidiwa na macho, kwa sababu trei ya kuokea imekaa palepale tangu nizaliwe. Jumamosi ile mkono uliishika trei, ukaivuta, na trei haikuja. Mama akaongeza nguvu. Trei ikatoka ghafla, ikamponyoka, ikatua sakafuni kwa kishindo, nusura imponde kidole cha mguu. Mashimo yake yote kumi na mawili yalikuwa yamejaa madini ya risasi, yameganda na kung'aa vizuri sana.

"Orval!"

Baba alikuwa gereji. Gereji yetu imepakana na jikoni, kwa hiyo alisikia. Akanyamaza kama mtu aliyesafiri.

"Orval Stensrud, najua unanisikia!"

"Nakusikia, mama, lakini nina madini motoni. Siwezi kuyaacha."

"Utayaacha, au nakuja kukuonyesha moto mwingine."

Alitokea mlangoni na miwani yake mikubwa ya plastiki, glavu za ngozi mpaka kwenye viwiko, akaitazama trei pale chini.

"Nilikwisha kuirudisha mahali pake," alisema. "Nilidhani hiyo ndiyo adabu."

"Umeirudisha na madini ndani!"

"Yalikuwa bado ya moto. Sikutaka kuunguza meza yako."

Mama alikaa kwenye kiti. Mimi niligeukia dirisha ili asinione ninavyobana kicheko. "Trei hii imekufa," alitangaza. "Hakuna chakula cha mtu kitakachopikwa humu tena. Ichukue ukaizike."

Baba aliibeba kwa huzuni mpaka mlangoni. Alipovuka mlango nilimsikia akipiga mluzi. Sasa ilikuwa yake.

Bunduki yenyewe ni ya babu: nene, fupi, ya kukokiwa kwa wenzo ulio chini ya mkono, na tundu la mtutu wake ni pana kiasi kwamba ncha ya kidole changu cha mwisho huingia. Ni bunduki ya dubu na ya elki, kulungu mkubwa kama ng'ombe. Baba hanunui risasi za dukani. Fundi wa matairi humpa vile vipande vya madini vya kusawazishia magurudumu, naye huviyeyusha, huvimimina kwenye kalibu, na kila kalibu ameipa jina la ndugu. Iliyo nzito kuliko zote ni Shangazi Hulda. "Kwa sababu," baba hueleza, "akiingia nyumbani kwako anapita vyumba vyote na kutokea mlango wa nyuma." Anayemfuata ni Binamu Agnar. Wote wana pua bapa, maana kwenye bunduki ile risasi hupangana ndani ya bomba chini ya mtutu, pua ya hii ikigusa kisogo cha ile, na pua yenye ncha inaweza kumlipua jirani yake.

Lakini mwaka ule, tangu Agosti, Shangazi Hulda hakumiminwa hata mara moja. Baba alimmimina Agnar, akatikisa kichwa, akamrudisha chunguni. Akanunua kalibu nyingine, nyepesi zaidi. Kisha nyingine. Kila wiki risasi zetu zilizidi kukonda.

Sababu tuliijua, au tulidhani tunaijua. Msimu uliopita baba alikwenda mlimani peke yake, akateleza kwenye changarawe, akarudi mkono umefungwa kwa skafu na bega limehama mahali pake. Daktari alilirudisha bega, ambalo tulidhani halihimili tena teke la risasi nzito, na mama akatunga sheria. "Huendi tena peke yako. Ukipata mwenzako, nenda na heri. Ukikosa, bunduki inakaa ukutani." Zamani mwenzake alikuwa kaka yangu Nels, lakini Nels alihamia Arizona akaoa mwanamke asiyekula nyama, na sasa hata yeye hutuma picha za maharage.

"Mwenzangu yupo," baba alikuwa akijibu kila mama alipouliza. "Nasubiri risasi tu."

"Ana jina huyo mwenzako?"

"Risasi kwanza."

Mwenzake nilitaka niwe mimi. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya chuo, nafundisha kuchora katika shule ya msingi mjini, na kila asubuhi garini nilifanya mazoezi: Baba, nichukue. Maneno mawili tu. Niliyasema vizuri sana mpaka nilipofika getini kwetu jioni, hapo yakaniishia. Ni kwamba katika ukoo wetu mimi ndiye yule aliyelia. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili baba alinipeleka mlimani, akapiga paa, na nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi. Kila Sikukuu ya Shukrani jirani yetu Delbert Kuchar huisimulia hadithi hiyo upya mezani, na kila mwaka huiongezea chumvi. Mwaka juzi tayari nilikuwa nimemfunika paa kwa shali yangu na kumwimbia wimbo wa kanisani. Mtu wa namna hiyo anaanzaje kuomba kupelekwa tena?

Kwa hiyo mimi na baba tulizungumza juu ya madini.

"Marit, una penseli laini kuliko hii?"

"Baba, hizo ni za darasani."

"Hii inakwaruza. Niletee laini zaidi, mwanangu."

Ndivyo wayeyushaji wa kwetu wanavyopima. Unaisukuma penseli juu ya risasi. Ikichimba, penseli ni ngumu kuliko madini; ikiteleza, madini yameishinda. Na penseli za kuchorea zimepangwa kwa ugumu, kuanzia ile laini kama mkaa mpaka ile ngumu kama msumari. Baba aligundua boksi langu Septemba. Kuanzia hapo watoto wangu wa darasa la pili walichora farasi wote kwa penseli moja iliyobaki, wakipokezana.

"Ikiwa laini mno, inaacha madini yake ndani ya mtutu," alisema, akiigeuza risasi mpya kwenye mwanga. "Ikiwa ngumu mno, inampita mnyama kama sindano kwenye shuka. Mnyama anaondoka nayo. Anakwenda kufia mbali, polepole." Akaiweka risasi chini. "Hilo silitaki."

"Hata mimi silitaki."

"Najua," alisema, kisha akainamia chungu chake haraka, kana kwamba ameropoka.

Wiki moja kabla ya msimu kufunguliwa, Anko Delbert alikuja kunywa kahawa, kama kawaida yake bila kubisha hodi. Alikuta risasi nyepesi zimejipanga dirishani kando ya chupa ya sabuni ya vyombo. Akachukua moja kwa vidole viwili.

"Hii nini, Orval? Kidonge cha mafua?"

"Iache hapo."

"Nauliza tu. Huyu elki unataka kumuua au kumtibu?"

Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Baba aliendelea kupaka jamu kwenye chapati zake za maji, ukingo hadi ukingo.

"Bwana, sisi tumejuana tangu shule," Delbert akaendelea. "Bega limekwisha, sema limekwisha. Mimi goti langu limekwisha na sijaona haya. Niuzie bunduki, nimpe mkwe wangu."

"Bega ni zima."

"Basi Jumamosi twende kwenye machimbo ya kokoto, umpige Shangazi Hulda mbele yangu, nione kama yeye hatakurudishia teke."

"Jumamosi nakwenda kujaribu hii."

"Hiki kidonge? Kinaitwaje?"

Baba alitazama ndani ya kahawa yake. "Hakina jina bado."

Moyo uliniuma. Baba yangu, ambaye zamani alibeba nusu ya elki mgongoni huku akipiga mluzi, anafanywa kikongwe mezani kwake. Nikafikiri: labda hasemi kwamba bega linamuuma kwa sababu anaona aibu, na kama ndilo linalomzuia, basi bega nitalisaidia bila yeye kujua. Mchana ule nilichukua koti lake la kuwindia nikalifumua bitana, nikashona pedi nene ndani ya bega la kulia. Manyoya ya kondoo niliyapata kwenye ndara ya mama ya kuvaa ndani. Ya kushoto.

Mama alinikuta nikimalizia uzi. Alitazama koti, akatazama ndara, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Baba yako trei, wewe ndara. Nyumba hii itabaki na mimi na redio."

"Mama, usimwambie."

"Nimwambie nani, na kwa nini niseme mimi?" alisema. "Humu ndani kuna watu wawili wana midomo mizima, na hawaitumii."

Sikuelewa, au nilijifanya sikuelewa.

Jumamosi, kwenye machimbo ya kokoto, kulikuwa na jalidi. Baba aliweka boga kubwa juu ya gogo, na nyuma yake sanduku la magazeti yaliyoloweshwa ili risasi isimame humo na tuione. Anko Delbert alikuja na kiti cha kukunja na chupa ya chai, kama mtu aliyekata tiketi. Mama naye alikuja, amevaa viatu vya baba kwa sababu ambazo hakuzieleza. "Nataka kuona trei yangu ilifia nini," alisema.

Baba alivaa koti. Akasimama. Mkono wake ukapanda begani taratibu, ukabonyeza, ukabonyeza tena. Akanigeukia. Mimi nilikuwa nikiutazama mlima kwa makini sana.

"Marit," alisema, akilivua. "Baridi ni kali. Vaa hili."

"Nina koti, Baba."

"Vaa juu yake."

Akanivisha mwenyewe kama mtoto wa chekechea, akafunga vifungo, akaiweka sawa ile pedi begani mwangu, akaipigapiga mara mbili. Kisha akanipa viziba masikio, na bunduki.

"Hebu piga wewe. Nataka kujua kama shabaha imehama. Upepo huu unanitoa machozi."

Hapakuwa na upepo. Mvuke wa chai ya Anko Delbert ulikuwa ukipanda wima.

Nilisukuma wenzo chini, nikaurudisha, nikavuta pumzi, nikafyatua. Nilikuwa nimejiandaa kwa teke la fahali, likaja la ndama. Boga lilifunguka vipande viwili. Baba alikwenda mbio kwenye sanduku, akachambua magazeti, akarudi na kitu kiganjani: ile risasi isiyo na jina, imefunguka kama uyoga, nzima, haijapoteza hata kipande.

Mama aliichukua, akaipima kwa kiganja. "Nzuri," alikiri. "Kwa kitu kilichookwa humo."

Anko Delbert aliweka chupa yake ya chai chini. Aliitazama risasi, akalitazama koti, akanitazama mimi ndani ya koti.

"Orval, hebu tuone bega lako."

"Kwa nini?"

"Una Hulda mfukoni?"

Baba alisita, kisha akachomoa mfukoni risasi moja kubwa ya mwaka uliopita, akanipokea bunduki, akaitia, na akiwa na shati tu mgongoni akapiga. Mlima uliitika. Kipande cha boga kilichokuwa kimebaki hakikuonekana tena. Baba alisugua bega lile mara moja tu, kama mtu anayepangusa unga.

"Bega zima!" Anko Delbert alisimama mpaka kiti kikajikunja chenyewe. "Kichwa cha kokoto wewe! Tangu Agosti nakuita kikongwe, nakutukana mbele ya mkeo, na unaninyamazia! Hizi risasi si zako. Ni za huyu binti!"

Baba alikuwa mwekundu kuanzia shingoni. "Ni suala la bati," alisema. "Ukichanganya bati kidogo kwenye madini, kwa mtutu wa aina hii, unapata..."

"Orval," mama alisema.

"...unapata risasi inayofunguka hata kama baruti ni kidogo, na baruti ikiwa kidogo, teke..."

"Baba," nilisema.

Wote walinigeukia. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu watatu.

"Baba, acha risasi kidogo. Kuna kitu unataka kuniuliza?"

Alivua kofia. Akaikunja, akaikunjua, akamtazama Delbert kama anayetaka aondoke, na Delbert hakuondoka.

"Yule paa," baba alisema. "Huyu Delbert husema ulilia kwa kuwa una moyo mwepesi. Si kweli. Mimi ndiye niliyempiga vibaya, akachukua muda mrefu, na kati yetu wewe peke yako ndiye uliyekuwa na akili ya kulia. Tangu siku ile sikuthubutu kukuita tena. Nikasema, nikipata risasi isiyokuumiza wewe, wala isiyomtesa mnyama, nitakuuliza. Sasa nimeipata, na sina kisingizio kingine." "Marit, mwanangu, nataka twende mlimani, mimi na wewe. Ni wewe niliyekuwa nikikusubiri."