Mkono wa Mkwe

Gasto anachora tatuu nyuma ya pazia la saluni yangu hapa Singida Mjini, na kwa usafi anasumbua kuliko bi harusi. Vyuma vyake anavichemsha kwenye sufuria ya presha, mashine anaivika nailoni, sindano mpya anaifungua mbele ya mteja. Nikimtania kwamba anachora ngozi tu, hapasui tumbo la mtu, ananijibu, "Dada Dorkas, homa ya ini haiulizi umekuja kupambwa au kupasuliwa."

Ila ana ugonjwa mmoja: adabu. Amelelewa na bibi yake kijijini Sepuka, na mtu mzima akiingia lazima ampe mkono. Akishampa, glavu zimechafuka, anavua, ananawa, anavaa nyingine. Na kwangu wazee hawaishi kuingia, wengine wanatafuta kivuli tu. Nilimwambia boksi lake la glavu litamalizwa na shikamoo, akacheka.

Siku hiyo alibaki na jozi moja, na alikuwa ameshaivaa, anamchora Janvi wa duka la vitambaa ua dogo kwenye kifundo cha mkono. Ndipo Mzee Chediel wa Ihanja, baba yake Selina, akashuka kwenye bodaboda. Gasto alipeleka posa ya Selina kwake tangu mavuno na jibu halijatoka, maana mzee hakutaka kumwozesha binti yake kwa mchora watu. Sasa alikuja kumwona kwa macho yake. Nilimwomba akae asubiri kidogo. Akafunua pazia, mkono wa kushoto umeshika jogoo miguuni, wa kulia ameunyoosha.

Gasto aliutazama ule mkono wenye vumbi na unyoya, akaitazama damu kwenye kifundo cha Janvi. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Naomba unisamehe, mkono sitaweza kukupa mpaka nimmalize huyu dada."

Mzee aliitikia marahaba kama anayetema mbegu, akarudi kukaa kwangu. Nilimweleza habari za vijidudu mpaka mate yakanikauka. Yeye alimtazama jogoo wake, akasema hajawahi kunyimwa mkono na kijana anayemtaka binti yake. Nilimkasirikia, na Gasto nikamkasirikia pia. Siku zote anawapa mkono mpaka wauza karanga, leo mkwe ndiye wa kunyimwa.

Gasto alimaliza. Alimfunika Janvi kidonda, akaitumbukiza sindano kwenye kopo lake la sindano zilizotumika, akavua glavu, akaja kwenye ndoo ya bomba na kunawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Kisha akapiga goti tena mbele ya mzee na kutoa mikono yote miwili.

Mzee hakuipokea. Alinikabidhi jogoo, akaenda kwenye ndoo, akakunja mikono ya shati. Juu ya kiwiko palikuwa na herufi zilizopinda, zimefanya kovu nene kama kamba ya kufungia ng'ombe.

"Hizi nilichorwa ujanani, mgodini," alisema. "Mkono ukaoza, nusura waukate. Aliyenichora alikuwa na adabu sana. Kila aliyepita, alimpa mkono."

Akajipaka sabuni, akanawa taratibu hadi kwenye viwiko, kama alivyomwona Gasto. Ndipo akampa mkono, bado unachuruzika maji.