Sauti Katika Nguzo ya Saba

Saa mbili asubuhi Fundi aliwapanga wageni tisa getini, akahakikisha kila mmoja ana chupa ya maji na kamba za viatu zimefungwa, akawatangulia. Njia ilichukua saa moja na nusu, kuzunguka bwawa kwa upande wa kushoto, kisha kupanda hadi kwenye nguzo za mawe ya volkano. Zamani mwanamke huyu alikuwa mshonaji, na jina la Fundi lilimganda hata baada ya cherehani yake kuzama. Sasa alivaa fulana ya kijani ya mamlaka ya maji, na kazi yake ilikuwa kueleza kwamba nguzo zile zilikuwa uji wa moto uliopoa taratibu, ukapasuka pande sita sita, nadhifu kuliko seremala angeweza.

Kwenye nguzo ya saba aliwaambia wageni waweke masikio. Nguzo ilikuwa na ufa wa upana wa kidole, na ndani ya ufa kilisikika kijiji kilichokuwa bondeni kabla ya bwawa: bawaba kavu ya mlango, kikohozi, mtu anafagia. Wageni walisikiliza kwa zamu, wakashukuru. Aliyesikika zaidi ni mtoto wa kike aliyemwandama bibi yake kwa maswali. Alikuwa binti wa Fundi. Sasa angekuwa na miaka kumi na tisa, lakini kule chini alibaki na saba yake, hakuongeza hata mwezi.

Tangazo la kuhama lilisema milango ya bwawa ingefungwa Jumatatu. Ilifungwa Jumamosi. Siku hiyo Fundi alikuwa amekwenda mjini kumfuatia mama mkwe wake dawa ya kifua, akamwachia mtoto. Aliporudi na dawa kwenye bahasha, barabara ilikuwa inaingia majini kana kwamba ndivyo ilivyochorwa. Kumbukumbu za mamlaka zinasema Jumamosi ile bonde lilikuwa tupu, na mahali patupu hapafi mtu. Miaka mitatu alikwenda ofisini kuomba majina mawili yaandikwe. Mwaka wa nne wakampa kazi. Aliipokea, kwa kuwa wafanyakazi hawazuiwi kufika kwenye nguzo siku yoyote.

Mwanzoni alikuwa akijibu. Aliongea ufani mpaka sauti ikamkauka, kabla ya kuelewa kwamba maneno yalipanda tu, hayakushuka.

Kisha mgeni mmoja akaandika barua kulalamika kwamba nguzo inawasumbua watoto wake. Mamlaka ikamtuma mpimaji wake mkuu, mtu wa makamo aliyekaribia kustaafu, mwenye goti bovu. Fundi alimpandisha peke yake, akimshika mkono penye mawe yaliyolegea. Njiani waliongea habari za goti na dawa za kuchua.

Mpimaji akavua kofia, akainama. Ndani ya jiwe bibi alikuwa anapanga vikombe. Fundi naye aliyasikia maneno, kwa kuwa bibi alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto.

"Kamwite bwana mpimaji, chai yake inapoa. Mwambie mizigo tumeshafunga, Jumatatu tunaondoka kama alivyosema."

Mpimaji alibaki pale muda mrefu. Alipoinuka, shavu lake lilikuwa na alama ya jiwe.

"Ile chai niliinywa," alisema. "Ilikuwa Alhamisi."

"Najua. Vikombe vilikuwa vya harusi yangu."

Mpimaji alimweleza kwamba mkubwa fulani alitaka kulizindua bwawa likiwa na maji ya kutosha kupigwa picha, na kwamba Ijumaa jioni yeye aliletewa karatasi ya kufunga milango kesho yake, akasaini. Alieleza bila kujitetea, kama mtu anayesoma vipimo.

"Sasa utaandika kwamba walikuwemo?" Fundi akamuuliza.

"Mama, nimebakiza miezi minne."

Fundi alimshika tena mkono wakateremka polepole, maana goti lilimuuma zaidi wakati wa kuteremka.

Ripoti ilisema sauti ni ya upepo, ikapendekeza ufa uzibwe. Jumanne wakaja waashi wawili na ndoo ya saruji. Nao walisikia. Yule mwashi mwenye umri mkubwa alisimama na mwiko mkononi, akasema, "Dada, utusamehe. Sisi tumetumwa tu." Fundi akamjibu kwamba kazi ni kazi. Aliwasubiri hadi mwisho, kwa sababu fomu ilihitaji saini ya mfanyakazi wa eneo.

Kesho yake alipandisha wageni kumi na mmoja. Mmoja aliuliza ile saruji ni ya nini, akaambiwa palikuwa na ufa. Walipokuwa wanapiga picha, Fundi aliegemea nguzo, akaweka sikio kwenye saruji ambayo bado ilikuwa na ubaridi. Ilichukua muda. Sauti zilitoka mbali, kama za chumba cha tatu.

"Bibi, mbona kumekuwa giza?"

"Wingu tu hilo. Mama yako akirudi atawasha taa."

Fundi akanyoosha fulana yake, akawahesabu wageni, wakatimia kumi na mmoja. Akawaonya kwamba njia ya kuteremkia ina kokoto zinazoteleza.