Njia ya Kushuka

Asubuhi ile fundi cherehani alitoa mashine yake akaiweka chini ya upenu, akafuta vumbi kwenye gurudumu, akatia tone la mafuta kwenye kila tundu, kisha akaenda kusogeza kamba ya nguo. Waendesha baiskeli wa kwanza walipita uani kwake mapema, kati ya jiko na choo, na shuka iliyoanikwa vibaya iliwahi kuondoka na mmoja wao hadi baharini. Alipomaliza aliketi, akachukua suruali iliyochanika goti na kuanza kuitia kiraka. Ilikuwa ya mgeni aliyeanguka kwenye kona iliyo juu ya nyumba. Kona ile haikumkosesha kazi.

Njia yenyewe zamani ilikuwa ya miguu. Ilitoka kilimani ikateremka hadi pwani, ambako kulikuwa na soko, shule na zahanati. Kampuni ya baiskeli ilipoiomba ili wageni wateremke humo kwa baiskeli, kikao kiliitishwa, na watu wa kilimani hawakuuliza mengi. Aliyesimama kusema neno lililokuwa mioyoni mwa wote alikuwa mume wa fundi, mchimba mitaro mwenye sauti nene.

"Wageni hatuwakatai," alisema. "Ila mgeni akishapita, amepita. Hatutaki watu wa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wanatuchungulia hadi vyunguni."

Alipigiwa makofi. Meneja wa njia, ambaye alikuwa mtu msikivu, alikubali kwamba ombi hilo ni la haki, akaahidi kwamba njia itakuwa ya upande mmoja. Mume wa fundi ndiye aliyepewa kazi ya kusimika vibao vya mishale, naye alivisimika kwa moyo wake wote. Alishindilia mawe kuzunguka kila nguzo mpaka kibao kikawa hakitikisiki hata ukikiegemea. Alipokuwa akijenga tuta la mwisho jiwe lilimwangukia, likamvunja nyonga, na tangu hapo alifanya mambo yake yote akiwa kitandani.

Rangi ya kibao cha mwisho ilipokauka, njia ikawa ya kushuka. Mtu aliyekwenda sokoni aligeuka kurudi nyumbani. Miguu ikapiga hatua kama kawaida, miti ikapita kama kawaida, jasho likamtoka kama kawaida, na mwisho wa safari alijikuta ufukweni. Wa kwanza walidhani ni uchovu. Wakapumzika, wakajaribu tena. Wengine walikatiza porini, wakatokea ufukweni wakiwa na miiba. Hatimaye wakaanza kutafuta vyumba vya kupanga huko chini, na waliobaki juu wakajifunza kufikiri mara mbili kabla ya kuumwa na jino. Simu nazo zilifuata mkondo huohuo: maneno ya kutoka juu yalifika chini safi kabisa, lakini aliyepigiwa kutoka chini alipopokea alisikia mawimbi tu.

Nyumba ambayo wenyewe walishuka wote ilihesabiwa kuwa imehamwa, na kampuni iliweka baiskeli ndani yake. Kwa hiyo katika kila nyumba alibaki mtu mmoja wa kukaa.

Binti wa fundi, kifungua mimba wake, alishuka akiwa na uchungu wa uzazi. Mkunga wa kilimani alikuwa ameshuka kitambo kununua glavu. Fundi alimsindikiza binti hadi ukingo wa ua, akasimama mahali ambapo hatua moja zaidi ingekuwa ni kuondoka.

"Mama, twende basi," alisema binti.

"Na baba yako?"

Binti alitazama dirisha la chumba cha baba yake, akashika kiuno, akashuka peke yake.

Habari ilipanda na dereva wa kampuni, ambaye watu walimwita Breki kwa sababu gari lake halikuwa nazo. Kila siku yeye alipandisha wageni na baiskeli zao kwa barabara ya nyuma ya kilima, pamoja na unga na sabuni, maana hivyo navyo vilikuwa mali ya kampuni.

"Hongera, mama. Umepata mjukuu wa kike."

"Anafanana na nani?"

"Mama, mtoto wa leo leo anafanana na ngumi."

"Ngumi ya nani?"

"Ya mzee."

Ndani, mzee alicheka mpaka nyonga ikamkataza.

Breki alikuwa mtu wa huruma. Wiki iliyofuata alimpakia binti na mtoto kwenye gari, akawafunga mkanda, akaanza kupanda. Gari lilipofika juu kiti chao kilikuwa kitupu, na mkanda ungali umefungwa. Binti alikutwa kituo cha chini, ameketi kando ya barabara, mtoto amelala mapajani, kama mtu anayesubiri gari.

"Nilisikia gari limekuwa jepesi pale mlima unapoanza," Breki alimwambia fundi. "Nikadhani injini imepona."

Mzee alipopata habari hizo alijiburuta hadi uani na sululu yake. Asubuhi nzima alichimba, akang'oa kibao alichokisimika mwenyewe, akakilaza chini. Shimo lililobaki likaelekeza chini vilevile, kama mshale. Kesho yake mafundi wa kampuni walikuja kuweka kibao cha chuma. Walimwamkia kwa adabu na wakamrudisha kitandani.

Meneja wa njia naye alikuja. Alikaribishwa kiti chini ya upenu, akakaa.

"Mwanangu," fundi alimwambia, "nina mjukuu ambaye sijamshika. Turudishieni kupanda. Hata siku moja kwa wiki."

"Nakuelewa kabisa, mama. Ila njia ikiwa ya pande mbili watu watagongana. Usalama kwanza."

"Zamani tulikuwa hatugongani."

"Zamani hapakuwa na njia, mama."

Fundi alitazama uani kwake. "Palikuwa na nini?"

"Uchochoro," meneja alijibu kwa upole. "Tena upande mmoja mliuomba wenyewe, kikaoni, na makofi mkapiga."

Ndani, kitanda kililia. Mzee alikuwa amegeukia ukutani.

"Anayepanda ni mwendeshaji peke yake," meneja aliendelea, "kwa kuwa yeye anapanda ili ashuke." Alishukuru kwa kiti, akavaa kofia yake ngumu, akashuka.

Fundi alimpigia binti simu akamweleza neno hilo. Hakusikia jibu, alisikia mawimbi. Lakini binti aliomba kazi ya kuosha baiskeli kituo cha chini, mahali ambapo wafanyakazi waliruhusiwa kuendesha kila Jumamosi. Alijifunza. Breki alileta suruali zake za kazi, mali ya kampuni, na kwa viraka alivyovishona, fundi alijua mwanawe ameendelea kiasi gani. Suruali zilipoacha kuja alijua amehitimu.

"Nenda zako ukamwone mtoto," mzee alimwambia siku zile. "Mimi nitajipikia."

"Wewe? Wewe maji yenyewe unayaunguza."

"Basi nitakula mabichi."

"Nikitoka tu watasema nyumba imehamwa, kesho yake utalala na baiskeli."

"Baiskeli hazikoromi," alisema mzee. Lakini usiku wake alimshika mkono, na asubuhi alikuwa hajauachia.

Jumamosi ya kwanza binti alivaa kofia ngumu, akamfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akaketi kwenye gari la Breki kama mgeni. Safari hii gari halikuwa jepesi. Kituo cha juu alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye mti ili atembee kwenda kwao, na akiwa bado anaiegemeza, miguu yake ilikuwa tayari iko juu ya pedali.

Fundi alimwona akitokeza kwenye kona.

"Shika breki!"

"Nimeshika!"

Alikuwa ameshika kweli. Magurudumu yote yalisimama kabisa, hayazunguki hata kidogo, na baiskeli ikapita uani kwa mwendo uleule.

"Umekula?" fundi aliuliza.

"Nimekula! Baba anaen—"

Wakawa wamepita. Fundi alikuwa ameona kisogo, sikio moja, na unyayo mmoja uliochomoza kwenye shuka.

Walizoea. Swali liliulizwa Jumamosi, na fundi alilijibu kwa simu baadaye. Kitanda cha mzee kilisogezwa dirishani. Jumamosi moja fundi alinyoosha mkono akagusa mguu wa mtoto, na soksi ikabaki kiganjani. Ilikuwa na joto hadi jioni. Kwa ukubwa wa unyayo walipima umri. Meneja aliuliza kama familia ingependa kupigwa picha kwa ajili ya matangazo, nao hawakujua jinsi ya kukataa.

Ikafika Jumamosi ambayo mtoto, aliyekwisha kuwa mzito na kuketi wima mgongoni, aligeuza shingo akamtazama fundi usoni. Akafungua kinywa. Fundi alisikia mwanzo wa neno waziwazi. Mwisho wake mtoto aliutamka akiwa tayari amekipita choo, ambako njia inaingia kwenye miti, na hapo hakuna sauti inayopanda.

"Kasema nini?" mzee aliuliza kutoka dirishani.

"Kasema Bi."

"Na iliyobaki?"

"Imeshuka," alisema fundi, akasogea pembeni, maana nyuma yake mwendeshaji mwingine alikuwa tayari anapiga kengele.