Kipimo cha Ijumaa

Nyumbani kwetu Mansura, kila Ijumaa hatukugusa chakula mpaka sukari ipimwe. Bata anapoa, mchuzi wa mulukhiya unaganda, watoto wanalia njaa, na kaka yangu Raafat anazipanga mashine za kupimia mezani kama mtu anayegawa karata. Yeye ana kisukari cha ukubwani. Alikuwa akijitoboa kidole mbele ya ukoo mzima na kusoma namba yake kwa sauti: "Mia na kumi na tano! Nani atanifikia?" Nilimwambia mara nyingi kwamba huo ni upuuzi mtupu. Lakini mimi ni shangazi mtu, sina mume, na maneno yangu katika nyumba ile yana uzito wa ganda la karanga.

Mshindani wake alikuwa binti yake Yosra, mwenye miaka kumi na minne. Huyu kisukari chake ni kile cha utotoni. Bila sindano za insulini kila siku hawezi kuishi. Ijumaa moja mashine yake ilitoa mia tatu na arobaini. Raafat alicheka kwanza.

"Hii ni sukari au namba ya basi?"

Wote wakacheka. Kisha akafoka: "Umekula nini kwa siri, wewe? Sema! Basbusa ya nani hiyo?"

Mtoto hakuwa amekula basbusa wala kitamu kingine cha mtu. Alikuwa na mafua, na mafua yanapandisha sukari, lakini nani alimpa nafasi ya kusema? Aliinamia sahani yake, machozi yakidondokea kwenye wali.

Tangu siku hiyo Yosra akawa anapimia chumbani kwa bibi yake, yaani mama yetu, Bi Inshirah. Asubuhi kabla ya shule, Ijumaa kabla ya chakula, anaingia humo, anafunga mlango, anatoka na mashine mkononi. Na namba zikawa nzuri ajabu. Mia na mbili. Tisini na nane. Raafat alivimba kichwa. Na kwa kuwa namba zilikuwa nzuri, akaanza kumpunguzia binti yake insulini, kidogo kidogo, bila kumuuliza daktari, eti yeye ni mzoefu.

Jumatano moja Yosra akaanguka shuleni.

Nilipofika hospitali nilimkuta anahema kwa nguvu, midomo imekauka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoanza kuoza. Daktari wa zamu akatuambia damu ya mtoto imejaa sumu, na kipimo kinaonyesha sukari imekuwa juu kwa miezi.

"Haiwezekani!" Raafat alipiga kelele. "Jana tu ilikuwa mia na moja! Mmechanganya damu yake na ya mtu mwingine!"

Maskini, hakujua alichosema.

Yosra alipopata nafuu, akaja Daktari Nermin, mwanasaikolojia anayekaa na vijana wenye kisukari pale hospitali. Mwanamke mfupi, hana haraka. Alivuta kiti mpaka kitandani, sisi tukasimama nyuma yake, mimi, Raafat na Mama.

"Yosra, mwanangu, sikuulizi kama namba zilikuwa za kweli," alisema. "Nakuuliza ulikuwa unaogopa nini."

Yosra akageukia ukutani.

"Mwacheni mtoto," Mama akasema. "Damu ilikuwa yangu."

Hakuna aliyeelewa. Mama akanyoosha mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa na vidoadoa vyeusi, kila kidole, na mimi niliyekuwa nikikaa naye na kumpikia chai sikuwahi kuviona!

"Mama, ungemuua!" Raafat alisema.

"Alikuwa anatetemeka, Raafat. Kila akiingia na kile kimashine anatetemeka. Mimi sina sukari, Mungu kanipa damu safi. Nitamnyima mjukuu wangu tone moja? Ningejuaje kwamba wewe unapunguza dawa kwa damu yangu?"

Akaanza kulia. Nikalia na mimi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Raafat akamgeukia binti yake. "Na wewe! Mimi baba yako nina ugonjwa huohuo, mbona najimudu? Mbona mimi sidanganyi?"

Daktari Nermin alichukua mashine kwenye meza ya kando. "Vizuri. Basi tupime pamoja, Yosra asijione yuko peke yake. Tuanze na wewe, baba."

Raafat akarudi nyuma hatua moja. "Leo si Ijumaa."

"Kwani sukari ina siku?" nilimuuliza.

Alitoa kidole kama mtu anayetoa kitambulisho kwa polisi. Tukasubiri. Mia tatu na sitini na nane. Nilidhani nimesoma vibaya, nikaichukua ile mashine na kuisogeza karibu na macho. Mia tatu na sitini na nane.

"Alhamisi huwa sili," Raafat alisema, akitazama sakafu. "Tangu adhuhuri. Ijumaa asubuhi natembea mpaka mtoni na kurudi. Ndipo inashuka."

Miaka yote ile! Nilitaka kumcheka, nilitaka kumpiga kofi, nikashindwa yote mawili. Hata Mama alinyamaza kulia.

Yosra alikuwa amegeuka kutoka ukutani, anamkazia macho.

"Baba, mimi nilikuwa nakuogopa wewe. Wewe ulikuwa unamwogopa nani?"

Raafat akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wewe," alisema. "Niliogopa ukiona ugonjwa unanishinda mimi mtu mzima, utakata tamaa."

Yosra akatoa mkono wake chini ya shuka, ule usio na dripu, akauweka kwenye kiganja cha baba yake.

"Haya, nipime," alisema. "Na usipige kelele."