Mtazame Mkweo, Juu

Harusi ya Tupokigwe na Mika nusura ivunjwe na neno la Kiingereza, tena lisilokuwa hata neno moja. Yalikuwa matatu yaliyoshikana mikia.

Ilikuwa mwaka 1954, katika kanisa la nyasi milimani nje ya Mbeya. Mchungaji wa Kizungu, mgeni asiyejua Kiswahili, alimpa bibi harusi wosia kuhusu baba mkwe wake: "Look up to him." Akataka aahidi kwanza, ndipo awafungishe ndoa.

Mkalimani, Mwalimu Jailos, Kiingereza alikijua neno mojamoja. Akatangaza kwa kujiamini: "Unaambiwa umtazame mkweo. Juu."

Kanisa zima likaguna. Kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake. Wakikaribia kukutana njiani, yeye hujitupa migombani na kujifunika uso. Tupokigwe akimtazama atarudishwa kwao kwa aibu. Asipoahidi, hampati Mika. Na alimpenda Mika jamani, pamoja na masikio yake yale makubwa.

"Na huko juu ni wapi?" akauliza mama mmoja. "Mzee si kakaa chini?"

Mzee Asukile, baba yake Mika, alikuwa amejibanza nyuma ya mlango kwa adabu. "Ng'ombe nimeshatoa," akafoka. "Nipandisheni!"

Wakaleta ngazi, wakampandisha kwenye boriti ya paa na kumfunika blanketi gubigubi, ili mkwewe atazame juu asione mtu. Mchungaji alidhani ndiyo mila, akainamisha kichwa kwa heshima.

Tupokigwe akainua macho. Blanketi lilikuwa linatetemeka. Akafungua kinywa aahidi, na hapo vumbi la nyasi likamwingia mzee puani. Akapiga chafya. Blanketi likatangulia, mwenyewe akafuata, puu, juu ya majani ya migomba yaliyopamba madhabahu.

Kabla macho hayajakutana, bibi harusi alikwisharuka dirishani.

Akiwa amechuchumaa nje chini ya dirisha, alimsikia Mchungaji akiuliza na Jailos akijieleza kwa kigugumizi. Kisha sauti ya Jailos ikatoka ndogo kabisa: "Bwana Mchungaji anasema... maana yake ilikuwa amheshimu tu."

"Amheshimu!" akanguruma Mzee Asukile. "Mwambie, Mwalimu! Mwali karuka dirisha siku ya harusi yake, na gauni jeupe, asije akaniona uso. Anataka heshima gani tena?"

Tupokigwe, magoti yamechubuka, akalia kwa furaha. Safari hii Jailos alitafsiri polepole, akiuliza kila neno mara mbili.

Mchungaji akasema ahadi hiyo inatosha, akasogea dirishani pamoja na Mika. "Tupo, lete mkono," Mika akanong'ona.

Tupokigwe akaupitisha mkono ndani, uso wake ukiwa umegeukia mibuni. Akafungishwa ndoa na kiganja asichokiona, akakipapasa vidole kimoja kimoja mpaka akaridhika kwamba ni cha Mika, ndipo akasema ndiyo.